Kukoroma usingizini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara mjini Lubumbashi juu ya matibabu na namna ya kuyalipia

Majibu haya yanamlenga mkazi wa Lubumbashi ambaye yeye mwenyewe, mwenzi wake au mtoto wake anakoroma usiku, naye anataka kujua ni matibabu gani yaliyopo na pesa zitatoka wapi. Hayachukui nafasi ya daktari. Yameshika msimamo mmoja tangu mwanzo: pesa ya kwanza itumike kujua kama pumzi inakatika usingizini, kabla ya kununua kitu chochote cha kunyamazisha sauti. Anayefanya kinyume hulipa mara mbili, na wakati mwingine hulipa kwa afya yake.

Je, kukoroma ni ugonjwa, au ni tabia ya mwili tu?

Mtu anapolala, misuli ya ulimi, ya koo na ya kaakaa laini hulegea na njia ya hewa huwa nyembamba. Hewa ikipita hapo hutikisa nyama laini za koo pamoja na kimio, na mtikisiko huo ndio sauti tunayoisikia. Kwa watu wengi mambo huishia hapo, na taabu kubwa ni ya yule anayelala pembeni.

Kwa wengine njia hiyo huziba kabisa, au karibu kabisa, kwa sekunde 10 na zaidi, tena mara nyingi katika kila saa ya usingizi. Oksijeni hushuka katika damu, ubongo hushtuka na kumwamsha mtu kwa muda mfupi ambao hataukumbuka asubuhi, koo hufunguka, kisha usingizi humrudia na koo huziba tena. Hali hiyo huitwa apnea ya usingizi. Ikiachwa kwa miaka, huambatana na presha isiyoshuka hata kwa dawa tatu, mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, kiharusi, kisukari kinachokataa kutulia, na ajali za watu wanaosinzia wakiwa kwenye usukani. Huo ndio ugonjwa, na kukoroma ni mlango wake unaosikika.

Nitatambuaje kama pumzi yangu inakatika, ikiwa mimi ndiye niliyelala?

Shahidi wa kwanza ni mke, mume, ndugu au mtoto anayelala nawe chumba kimoja. Mwombe akurekodi kwa simu, hasa baina ya saa tisa za usiku na alfajiri, maana kwa watu wengi koo huziba zaidi katika usingizi wa mwisho wa usiku. Simu iwekwe juu ya kiti karibu na kitanda, ikionyesha kifua na uso, na taa ndogo iwashwe.

Kinachotafutwa katika video hiyo si ukubwa wa sauti. Mtu amelala chali, anakoroma mara tano au sita, sauti ikipanda kila mara, kisha kimya. Kifua na tumbo vinaendelea kusukumana, kimoja kikipanda huku kingine kikishuka, lakini hakuna hewa inayosikika puani wala mdomoni. Ukihesabu polepole unafika kumi, kumi na tano, pengine ishirini na tano. Halafu anavuta pumzi kwa kishindo kama mtu aliyeibuka majini, anageuka, na mzunguko unaanza upya. Ukiona hivyo hata mara chache katika nusu saa, usipoteze siku nyingine ukitafuta dawa dukani. Mpelekee daktari video hiyo.

Dalili za mchana nazo zina uzito: kuamka na kichwa kizito na mdomo mkavu, kusinzia kanisani, mkutanoni au ndani ya basi, kusahau, kukasirika upesi, na kuamka mara nyingi usiku kwenda kukojoa. Madaktari hutumia maswali manane ya Epworth, yaliyotungwa na Murray Johns wa Australia mwaka 1991, ambayo humpa mtu alama kuanzia 0 hadi 24 kwa kadiri anavyosinzia; anayepata zaidi ya 10 anasinzia kupita kiasi. Wanatazama pia uzito, umri unaozidi miaka 50, presha, na shingo inayozidi kiasi cha sentimita 40. Alama hizo humwonyesha daktari nani apimwe kwanza. Hazithibitishi ugonjwa.

Wanawake wasijiondoe katika hesabu hii. Wengi wao huja hospitali wakilalamikia usingizi unaokatika, uchovu na huzuni, bila kusema neno juu ya kukoroma kwa sababu wanaona haya, na hatari huongezeka baada ya hedhi kukoma. Hakuna aibu yoyote katika kusema jambo hili mbele ya daktari.

Niende kwa daktari gani, na kipimo chenyewe ni kipi?

Daktari wa kawaida wa mtaani kwako anaweza kuanza: kupima presha, uzito na sukari, na kukuandikia barua ya kwenda kwa mtaalamu wa masikio, pua na koo, yaani ORL. Kwa upande wa umma, hospitali ya Jason Sendwe na Kliniki za Chuo Kikuu cha Lubumbashi ndizo ambazo watu huelekezwa mara nyingi. Mtaalamu huyo atatazama kama ukuta wa ndani ya pua umepinda, kama kuna vinyama puani, kama tonsili ni kubwa, kama taya la chini limerudi nyuma. Atapapasa shingo pia, kwa sababu goita kubwa inaweza kubana njia ya hewa, na tezi ya shingoni (thairoidi) ikifanya kazi polepole inaweza kumfanya mtu akorome. Kipimo cha damu cha TSH hufichua hali hiyo ya mwisho, na dawa yake si ya gharama kubwa.

Uthibitisho wenyewe hutokana na kurekodi usingizi. Kuna njia ya nyumbani, poligrafia, ambapo unalala na mrija mdogo puani, mikanda kifuani na tumboni na kibanio cha kidole kinachosoma oksijeni na mapigo. Kuna pia polisomnografia, inayoongeza mawimbi ya ubongo na mara nyingi hufanywa mtu akiwa amelazwa. Kwa mtu mzima mwenye dalili za wazi na asiye na ugonjwa mwingine mzito wa moyo au mapafu, ile ya nyumbani kwa kawaida inatosha, na bei yake ni nafuu kuliko ya pili.

Matokeo hutolewa kwa namba moja: idadi ya mara ambazo pumzi imekatika au kupungua sana kwa kila saa. Chini ya 5 ni kawaida kwa mtu mzima. 5 hadi 14 ni apnea nyepesi. 15 hadi 29 ni ya wastani. 30 na zaidi ni kali. Omba karatasi yenyewe na uihifadhi, kwa sababu mwajiri, mutuelle (bima ya afya ya wanachama) na daktari yeyote wa nje wataiulizia.

Kabla ya kukubali tarehe, uliza waziwazi kama mashine ya kurekodi ipo na inafanya kazi, na ni nani atakayesoma matokeo. Kile kioksimita cha kidole kilichoenea wakati wa Covid huonyesha oksijeni ya dakika hiyo tu, na kwa kawaida hakihifadhi kitu. Kipo kingine kinachorekodi usiku mzima, nacho ni msaada mahali ambapo poligrafia haipatikani: kikionyesha oksijeni ikishuka na kupanda mfululizo, kuna jambo. Kikionyesha usiku mtulivu, bado hakijakuhakikishia kwamba uko salama.

Je, kuna ninachoweza kufanya bila kulipa chochote?

Kipo, na kwa mtu anayekoroma bila pumzi kukatika, pengine ndicho chote anachohitaji.

Pombe hulegeza misuli ya koo kuliko usingizi wenyewe unavyoilegeza, hivyo bia au lutuku inayonywewa saa chache kabla ya kulala huongeza kukoroma na hurefusha muda wa pumzi kukatika. Acha angalau saa nne baina ya chupa ya mwisho na kitanda. Vidonge vya usingizi kama diazepamu vina madhara ya namna hiyohiyo, na inasikitisha kwamba mtu anaweza kuvipata kwenye duka la dawa bila karatasi ya daktari. Anayekatika pumzi akivimeza ili apate usingizi anajiongezea hatari. Ukiwa umeandikiwa, usiache ghafla, bali mwambie daktari kwamba unakoroma.

Kulala chali huuacha ulimi uangukie nyuma. Lala ubavu. Wengine hushonea mfuko mgongoni mwa fulana ya kulalia na kutia mpira mdogo ndani yake ili wasigeuke chali. Ni njia ya zamani, haina gharama, na kwa mtu ambaye pumzi yake hukatika akilala chali tu inasaidia kweli.

Uzito ndio mzizi kwa wengi, maana mafuta hujaa shingoni na kwenye ulimi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2000, uliowafuata watu kwa miaka minne, ulionyesha kwamba waliopunguza asilimia 10 ya uzito walipata upungufu wa takriban asilimia 26 katika idadi ya pumzi zinazokatika. Kwa mtu wa kilo 100, hizo ni kilo 10: bukari ndogo zaidi na ya mapema jioni, vinywaji vya sukari viachwe, na kutembea kila siku.

Pua iliyoziba nayo itazamwe, hasa hapa kwetu ambapo vumbi la kiangazi huwa jingi kuanzia Mei hadi Septemba. Kusafisha pua kwa maji yaliyochemshwa, yakapoa na kutiwa chumvi kidogo husaidia. Matone ya kufungua pua yasitumiwe zaidi ya siku tano mfululizo, kwani baadaye pua huziba kwa sababu ya matone yenyewe. Ikiwa ni mzio, daktari anaweza kuandika dawa ya kupuliza yenye beklometasoni au flutikasoni, ambayo huhitaji wiki kadhaa ili ifanye kazi kikamilifu.

Na dawa zinazouzwa mitaani na kwenye simu kwa ajili ya kukoroma?

Pete za sumaku za puani, vipande vya kubandika, dawa za kupuliza kooni na majani ya kuchemsha havizuii koo kuziba. Kipande cha kubandika juu ya pua kinaweza kumfaa mwenye pua nyembamba, na hakina madhara. Ninachokataza kwa moyo wote ni kutia mafuta ya aina yoyote puani kabla ya kulala: mafuta yanaweza kuteremka hadi mapafuni na kuleta nimonia ngumu kutibu.

Kifaa cha kuvaa mdomoni kinafaa nani?

Ni kifaa cha plastiki chenye sehemu mbili, ya juu na ya chini, kinachosogeza taya la chini mbele kwa milimita chache ili ulimi usifunge koo. Kinafaa kwa anayekoroma bila apnea, kwa apnea nyepesi au ya wastani, na kwa aliyeshindwa kabisa kuvumilia mashine ya kulalia, inayoelezwa hapa chini. Kunahitajika meno ya kutosha na yenye afya. Vile vinavyotengenezwa kwa kipimo cha mdomo wako na daktari wa meno hugharimu mamia ya dola katika nchi za Magharibi, na pengine zaidi ya 1,000. Vile vya kulainisha katika maji ya moto na kuving'ata nyumbani mara nyingi havifiki dola 100, lakini havikai vizuri na huchoka upesi. Kabla ya kuagiza, mwulize daktari wako wa meno kama anaweza kuchukua kipimo na kutuma kazi maabara. Baada ya kukizoea, rudia kurekodi usingizi: sauti inaweza kuisha huku pumzi zikiendelea kukatika.

Je, upasuaji hauwezi kumaliza jambo hili mara moja?

Wengi hulitamani jibu la ndiyo, na kwa mtu mzima jibu mara nyingi ni hapana. Upasuaji wa kukata sehemu ya kaakaa na kimio ulienea tangu miaka ya 1980. Una maumivu makali kwa wiki mbili hivi, na kukoroma kunaweza kurudi baada ya miaka. Kunyoosha ukuta wa pua humrahisishia mtu kupumua na kuvumilia mashine, lakini peke yake mara chache huponya apnea. Mtu mzima mwenye tonsili kubwa mno ni hali tofauti, na kwake upasuaji unaweza kuwa na faida kubwa. Kifaa kinachopandikizwa kifuani ili kuamsha mshipa wa fahamu wa ulimi kiliidhinishwa Marekani mwaka 2014, na bei yake ni makumi ya maelfu ya dola. Kimetajwa hapa ili msomaji akikiona kwenye simu ajue ni kitu gani.

Daktari akikupendekezea kisu kabla usingizi wako haujarekodiwa, omba kurekodiwa kwanza.

Mtoto wangu wa miaka minne anakoroma kila usiku. Je, ataacha akikua?

Usingoje. Mtoto akiwa na mafua akakoroma siku tatu, hilo ni jambo la kupita. Mtoto anayekoroma usiku mwingi wa juma, anayelala mdomo wazi na shingo imekunjwa nyuma, anayetokwa jasho, aliyerudia kukojoa kitandani, asiyeongezeka uzito, au ambaye mwalimu analalamika kwamba hatulii darasani, anapaswa kuonwa na daktari wa ORL. Watoto wadogo wenye apnea mara nyingi hawasinzii mchana. Wanarukaruka na kukosa utulivu, na wazazi huwaadhibu kwa kosa ambalo si lao.

Kwa watoto sababu kubwa ni tonsili na vinyama vya nyuma ya pua, na hapa upasuaji ndio tiba ya kwanza ikiwa apnea imethibitishwa, tena huponya wengi wao. Kipimo cha 5 kinachotumika kwa watu wazima hakiwahusu: kwa mtoto hata pumzi moja inayokatika kwa saa huhesabiwa si kawaida.

Kuna jambo ambalo katika nchi yetu haliwezi kurukwa. Kabla ya dawa ya usingizi ya upasuaji, mtoto apimwe kama ana ugonjwa wa selimundu, ule tunaouita SS. Watoto wa SS mara nyingi wana tonsili kubwa, na kushuka kwa oksijeni usiku kunaweza kuchochea maumivu yao. Tena kwa upasuaji wanahitaji maandalizi maalumu ya maji, oksijeni na wakati mwingine damu. Kipimo cha Emmel ni cha bei ndogo, na kikionyesha dalili, uthibitisho kwa elektroforesi utafutwe kabla ya siku ya upasuaji. Mzazi asiogope kuuliza: «Je, mtoto wangu amepimwa SS, na damu ya akiba ipo?» Baada ya upasuaji, kaa karibu na hospitali na umtazame mtoto kwa wiki mbili, maana damu inaweza kutoka hata siku ya saba au ya kumi. Akitema damu mbichi, rudi mara moja, hata ikiwa ni usiku.

Mashine ya kulalia nayo ni nini hasa?

Ni pampu ndogo inayosukuma hewa ya chumbani kupitia bomba na barakoa, kwa shinikizo linalozuia koo lisifumbe. Si oksijeni. Madaktari wetu waliosomea kwa Kifaransa huiandika PPC, na kwenye maboksi ya kutoka nje utakuta CPAP. Ni kitu kimoja. Ilielezwa mara ya kwanza mwaka 1981 na Colin Sullivan na wenzake mjini Sydney, na mpaka leo ndiyo tiba yenye nguvu zaidi kwa apnea ya wastani na kali. Inafanya kazi usiku unaoivaa tu. Katika nchi nyingi mashine mpya inayojirekebisha yenyewe huuzwa baina ya dola 400 na 1,000, barakoa ikihesabiwa mbali. Barakoa isiyokaa vizuri usoni ndiyo inayowafanya wengi kuiacha mashine juu ya kabati, kwa hiyo bajeti iwe na nafasi ya kubadilisha barakoa ya kwanza.

Je, kwa delestaji tuliyo nayo (umeme kukatwa kwa zamu), mashine ina maana gani?

Ina maana, mradi umeme uhesabiwe pamoja na bei ya mashine tangu siku ya kwanza. Mashine bila kikombe cha kupasha maji, kinachotia unyevu kwenye hewa, hutumia kwa kawaida wati 30 hadi 60. Kikombe hicho kikiwashwa, matumizi yanaweza kuongezeka maradufu au zaidi. Tuchukue wati 40 kwa saa 8, tunapata wati-saa 320. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini betri ya kawaida ya asidi haipendezi kumalizwa chini ya nusu, kwa hiyo tunabaki na 600: usiku mmoja kamili na ziada. Anayechaji kwa jua au kwa saa chache za umeme wa shirika la SNEL mchana anaweza kulala salama.

Tazama nyuma ya mashine kabla ya kununua waya. Nyingine zinataka volti 24, na ukiziunganisha moja kwa moja na betri ya volti 12 hazitafanya kazi. Kuna kigeuzi chake. Weka pia kifaa cha kulinda umeme, kwa sababu mshtuko wa umeme unaporudi unaweza kuunguza mashine mpya.

Vumbi ni adui wa pili. Kichujio cha karatasi, ambacho kwa kawaida hubadilishwa kila mwezi, wakati wa kiangazi kitazamwe kila wiki. Kikiwa kimekuwa cha rangi ya udongo, kibadilishwe. Nunua vichujio vya mwaka mzima pamoja na mashine, maana ni vyepesi kusafirisha na vigumu kupata hapa. Barakoa ioshwe kila siku kwa maji na sabuni laini. Umeme ukikatika na mashine ikazima, vua barakoa.

Nimeonyeshwa mashine iliyotumika kwa bei nafuu. Niichukue?

Kwanza, soma jina na toleo lake. Tarehe 14 Juni 2021 kampuni ya Philips ilitangaza kurudisha mamilioni ya mashine, zikiwemo DreamStation za toleo la kwanza, kwa sababu povu lililowekwa ndani ili kupunguza kelele liliweza kumong'onyoka na mgonjwa akavuta chembe zake. Mashine iliyokataliwa kwingine inaweza kuishia mikononi mwa mnunuzi asiyejua, kwa hiyo mashine ya toleo hilo isiyo na uthibitisho kwamba ilitengenezwa upya isinunuliwe kwa bei yoyote.

Kwa matoleo mengine, toa kichujio na uangalie tundu lake, mulika tundu la kutolea hewa kwa tochi ya simu na utafute chembe nyeusi au ukungu, nusa kama kuna harufu ya sigara, omba kuonyeshwa idadi ya saa ilizofanya kazi, na iwashe kwa dakika kumi ukisikiliza kama injini inapiga kelele. Barakoa na bomba vinunuliwe vipya. Mipangilio ya mwenye mashine wa zamani si yako: shinikizo lipangwe na daktari kwa matokeo yako.

Nina mwajiri. Je, analazimika kulipa?

Sheria ya kazi ya Kongo, namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi na familia yake matunzo wakati wa ugonjwa: daktari, meno, upasuaji, dawa, kulazwa, hata miwani na vifaa vya viungo, kulingana na uamuzi wa daktari. Mashine ya kulalia haikutajwa humo kwa jina. Kwa hiyo nguvu ya ombi lako iko katika maneno ya daktari. Ukiandikiwa «kukoroma», ofisi itaona ni usumbufu wa chumbani. Ukiandikiwa apnea kali ya usingizi, pamoja na namba ya matokeo, presha uliyo nayo, na sentensi inayosema mashine ni tiba ya lazima na ya kudumu, ombi linakuwa la ugonjwa, na ni haki lisomwe hivyo.

Peleka bahasha moja: ripoti ya daktari, karatasi ya kurekodi usingizi, ordonansi (karatasi ya daktari) inayotaja aina ya mashine na barakoa, na proforma (karatasi za bei) mbili kutoka kwa wauzaji tofauti. Weka nakala yenye muhuri wa mapokezi. Wakikataa, omba wakatae kwa maandishi, kisha umwone mjumbe wa sendika au mkaguzi wa kazi. Wakikubali nusu, pendekeza nusu nyingine ikatwe polepole kwenye mshahara, nayo iandikwe.

Dereva wa lori katika barabara ya Kolwezi, Likasi, Lubumbashi na Kasumbalesa ana sababu ya ziada ya kuomba, na ninajua kwamba anaogopa kupoteza kazi akisema. Hofu hiyo ni ya kweli. Lakini apnea ni miongoni mwa sababu za kusinzia zinazotibika, na anayetumia mashine vizuri kwa kawaida huona macho yake yamefunguka ndani ya wiki chache. Mpaka hapo, asiendeshe akiwa na usingizi.

Na sisi tusio na mwajiri?

CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, inashughulikia pensheni, posho za familia, ajali na magonjwa ya kazi, haitalipia kukoroma. Mpango wa serikali wa afya kwa wote, ulioanzia Kinshasa mwaka 2023, ulianza na akina mama wanaojifungua na watoto wachanga. Inabaki mutuelle ya afya, ambayo shughuli zake zinaongozwa na sheria ya tarehe 8 Februari 2017. Kabla ya kujiandikisha, soma orodha yake ya matunzo: je, inalipa ORL, upasuaji wa tonsili, vipimo maalumu, na kuna miezi mingapi ya kungoja? Mutuelle ikilipia mashauriano na upasuaji wa mtoto lakini isilipe mashine, bado imekupunguzia mzigo mkubwa.

Mashine hulipwa mara nyingi na familia. Likelemba, yaani mchango wa kupokezana kwa zamu, inafaa kwa sababu inatoa pesa kwa mkupuo. Omba zamu yako iangukie mwezi wa kununua. Ndugu aliye Ubelgiji, Ufaransa au Afrika Kusini akitaka kusaidia, mwombe asitume mashine aliyojichagulia. Mtumie ordonansi, kipimo cha uso kwa barakoa na volti unazohitaji, na abaki na risiti kwa ajili ya forodha na dhamana.

Je, ni bora nivuke kwenda Zambia au mbali zaidi?

Kasumbalesa iko karibu kilomita 90, na wagonjwa wengi wa kwetu hufuata matibabu Zambia, Afrika Kusini au India. Safari ina maana ikiwa katika ziara moja utarekodiwa usingizi, utajaribishwa barakoa na utarudi na mashine iliyopangwa. Kusafiri kwa ajili ya mashauriano peke yake ni kutupa nauli. Omba proforma kabla ya kuondoka, uongeze chumba, chakula na nauli ya anayekusindikiza, kisha ulinganishe jumla hiyo na bei ya kufanya yote hapa.

Sindano za kupunguza uzito zinatibu apnea?

Desemba 2024 Marekani iliidhinisha tirzepatide, inayouzwa kwa jina Zepbound, kwa watu wazima wenye unene mkubwa na apnea ya wastani au kali. Ni sindano ya kila wiki, ni ghali, inataka friji isiyozimika na usimamizi wa daktari. Usinunue chupa isiyojulikana ilikotoka.

Nimeanza kukoroma nikiwa mjamzito. Nifanye nini?

Lala ubavu, na ulitaje jambo hilo kwenye kliniki ya wajawazito, hasa ukiwa na presha, uvimbe au maumivu ya kichwa, maana kukoroma kunakoanza katika ujauzito huambatana na presha ya ujauzito mara nyingi zaidi.

Nimeshapata mashine. Nitajuaje kwamba pesa yangu inafanya kazi?

Mashine nyingi za sasa huhifadhi kwenye kadi ndogo saa ulizolala nayo, hewa inayovuja na idadi ya pumzi zilizokatika. Mpelekee daktari kadi hiyo baada ya mwezi mmoja. Namba ya pumzi ikae chini ya 5, na matumizi yafike angalau saa nne kila usiku, ingawa usiku mzima ndio unaotakiwa. Ukiona hewa inavuja, shida iko kwenye barakoa. Ukiamka na pua kavu, mwombe daktari akuonyeshe kikombe cha maji au dawa ya pua. Ukihisi unasongwa, vaa mashine mchana kwa nusu saa ukiwa umeketi ukisoma, mpaka uso uizoee. Dawa za presha usiziache kwa sababu umeanza kulala vizuri: daktari ndiye atakayezipunguza, akiwa na vipimo vya wiki kadhaa mbele yake.